Meli iliyonyonyesha nyambizi nyuma ya Bukini

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini wakati wa vita vya Hitler. Alipenda kutusimulia kwamba Wajapani walikuwa na meli kubwa imejificha nyuma ya Bukini (kisiwa cha Madagaska), na nyambizi zao zikiishiwa zinaiendea kunyonya kama ndama. Akimaliza husema ndiyo hiyo iliyowaua askari wetu waliopandishwa melini Mombasa kwenda Burma. Nimelitafuta jina la meli hiyo nisilipate. Je, ilikuwepo kweli, au ni porojo za bandarini? Na kama ilikuwepo, iliishia wapi?"

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Hazikuwa porojo. Meli ilikuwepo, tena zilikuwa mbili, ndugu wa tumbo moja: Aikoku Maru na Hokoku Maru. Mwaka 1942 zilikuja upande wetu wa Bahari ya Hindi zimebeba mafuta na chakula cha nyambizi za Japani, na nyambizi zikawa zinazikimbilia kunyonya vilevile kama alivyosema. Lile la askari wa Mombasa ndilo alilolichanganya. Nitalifikia, kwa sababu ukizijua tarehe utaona kwamba hata kosa lake lilikuwa na sababu.

Nitaifuata zaidi Aikoku Maru, maana ndiyo iliyobaki kusimulia baada ya mwenzake kuzama.

Tuanze na jina. "Maru" ni neno ambalo Wajapani huliweka nyuma ya majina ya meli za biashara, kwa hiyo ukiliona tu unajua chombo hicho hakikuzaliwa manowari. "Aikoku" ni kuipenda nchi. "Hokoku" ni kuitumikia nchi kwa kulipa fadhila zake. Ndugu wa tatu, aliyekuja mwishoni, aliitwa Gokoku Maru, yaani kuilinda nchi. Ukiyapanga majina matatu hayo huhitaji kuambiwa kwamba serikali ilikuwa na mkono wake humo. Tokyo ilikuwa ikizisaidia kampuni za meli kwa fedha ili zijenge meli zenye mbio, na siku ya vita jeshi la majini lingezichukua. Mwenye meli alikuwa Osaka Shosen Kaisha, na hilo si jina geni kwetu. Meli za kampuni hiyo zilifika Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kabla ya vita, wakati ambapo nguo za Kijapani za bei nafuu zilijaa madukani na pamba ya Uganda ilikuwa inakwenda viwanda vya Japani. Huenda babu yako alipakua marobota ya kampuni hiyohiyo ambayo baadaye meli zake zilikuja kwa shughuli nyingine.

Aikoku Maru ilijengwa Tama, mkoa wa Okayama. Iliteremshwa majini Aprili 1940 na kukamilika tarehe 31 Agosti 1941. Ilikuwa ya tani 10,437, ya abiria na shehena, na iliweza kukimbia maili 21 za baharini kwa saa. Siku hizo meli nyingi za mizigo zilijikokota kwa maili 10 au 11. Ilikuwa na vyumba vya abiria, lakini abiria mwenye tiketi hakuwahi kulala humo, kwa kuwa mara tu ilipotoka mikononi mwa mafundi jeshi la majini liliichukua. Ikafungwa mizinga, mirija ya kurushia torpedo, yaani makombora yanayokwenda majini, na ndege ndogo zenye uwezo wa kutua majini. Kwenye daftari ikaandikwa manowari ya msaada. Kwa macho tu, ukiiona kwa mbali, ilibaki meli ya abiria.

Na hapo ndipo fikra za wakubwa wa Japani zilipokuwa. Walitaka mwindaji aliyevaa nguo za mfanyabiashara, anayesogea hadi karibu kabla ya kujulisha yeye ni nani. Wajerumani walikuwa wamefanya hivyo kwa mafanikio makubwa. Novemba 1941, kabla hata bomu la kwanza halijaanguka Pearl Harbor, Aikoku na Hokoku walikuwa wameshatoka kwenda Pasifiki ya Kusini. Desemba 13 waliizamisha meli ya mizigo ya Marekani iitwayo Vincent. Mwanzoni mwa Januari 1942 wakaikuta nyingine, Malama, ambayo mabaharia wake waliitoboa wenyewe ili isichukuliwe. Kisha wakarudi. Mwezi mzima na zaidi, meli mbili mpya za kifahari, mafuta chungu nzima, na mavuno ni meli mbili. Nakuomba uiweke hesabu hiyo akilini, tutairudia.

Sasa twende Bahari ya Hindi. Aprili 1942 ndege za Japani ziliipiga Colombo na Trincomalee, na Waingereza wakaona Ceylon, Sri Lanka ya leo, si mahali pa kulaza manowari tena. Kundi lao la mashariki likahamia Kilindini. Babu yako bila shaka aliyaona kwa macho yake yale majabali ya chuma yakiingia na kutoka. Hata wale wataalamu wa kusikiliza redio na kuvunja maandishi ya siri ya Kijapani waliletwa Mombasa, wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram linaloitazama bahari. Shida yao ilikuwa umbali: mawimbi ya redio kutoka Japani yalifika Mombasa yamechoka, na mengi hayakunaswa.

Wajerumani walikuwa wakiwasihi Wajapani waikate njia ya meli inayozunguka Rasi ya Afrika ya Kusini na kupanda Mlango wa Msumbiji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikilisha jeshi la Waingereza huko Misri. Bahari ya Kati ilikuwa haipitiki kwa usalama, kwa hiyo vifaru, risasi, ngano na mafuta ya Cairo vilikuwa vinapita mlangoni petu. Japani ikakubali kutuma nyambizi tano: I-10, I-16, I-18, I-20 na I-30, chini ya Admeri Ishizaki Noboru. Kituo chao kilikuwa Penang, huko Malaya. Mwishoni mwa Aprili wakaanza safari ya kuja magharibi, na nyuma yao Aikoku Maru na Hokoku Maru.

Utajiuliza nyambizi zilihitaji meli za kuzilisha za nini. Zile nyambizi zilikuwa kubwa. Ile aina ya I-16 iliweza kwenda maili 14,000 bila kuongeza mafuta, ikitembea polepole juu ya maji. Lakini anayewinda hatembei polepole. Anakimbiza meli usiku kucha, anawaza atampitia mbele kwa njia gani, anakwepa ndege, anasubiri juma zima mahali pamoja. Ndani kuna watu karibu 100, mboga mbichi zinaisha siku za mwanzo, matunda yanaoza, na baada ya hapo ni mikebe na mchele. Maji ya kuoga ni anasa. Anayerudi Penang kujaza tangi anapoteza wiki kadhaa kwenda na kurudi. Ukimwekea mafuta na chakula karibu na mawindo, unakuwa umezizidisha nyambizi zako bila kujenga hata moja.

Kazi yenyewe ya kunyonyesha si ya mzaha. Vyombo viwili vinakutana mahali palipopangwa, mbali na njia za meli. Kwa kawaida meli hutangulia mwendo wa pole, nyambizi inafuata tezini kwake, kamba inarushwa, kisha mpira wa mafuta unavutwa juu ya kamba hiyo hadi ufungwe. Muda wote huo vyombo vinapaswa kwenda pamoja kama watu wawili wabebao kitanda. Mmoja akiongeza mwendo, mpira unakatika. Na ule ulikuwa mwezi wa Juni, kusi imepamba moto. Yeyote aliyewahi kuvuka kwenda Ngazija au Bukini msimu huo anayajua mawimbi yake. Mbaya zaidi, nyambizi iliyofungwa mpira haiwezi kuzama ghafla. Ndege moja ya adui ikitokea mawinguni wakati huo, wote wawili wamenaswa. Ndiyo maana mahali pa kukutania palikuwa kusini mashariki ya Bukini, upande wa bahari kuu. Babu yako aliposema "nyuma ya Bukini" alikuwa sahihi kwa neno.

Kabla ya kunyonyesha kulikuwa na kupeleleza. I-30 ilibeba ndege ndogo iliyokunjwa ndani ya banda lisiloingia maji. Mei 7 ndege hiyo ilipita juu ya Aden, kesho yake juu ya Djibouti, na Mei 19 ikapita juu ya Unguja na Dar es Salaam, wakitafuta manowari kubwa za Waingereza zimelala wapi. Kwa hiyo ukimsikia mzee wa Unguja akisema aliwahi kuona ndege asiyoijua wakati wa vita, usimcheke.

Waliyoitafuta waliipata Diego Suarez, bandari ya kaskazini ya Bukini ambayo Waingereza walikuwa wameichukua mwanzoni mwa Mei kutoka kwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Usiku wa Mei 30, I-16 na I-20 zikaachia kila moja nyambizi ndogo ya watu wawili. I-18 nayo ilitakiwa kuachia ya kwake lakini mashine zilileta matatizo. Manowari HMS Ramillies ikapigwa torpedo na kutobolewa vibaya, na meli ya mafuta British Loyalty ikazama palepale bandarini. Wajapani wawili kutoka moja ya zile nyambizi ndogo walifika nchi kavu kwa miguu, wakauawa Juni 2 walipokutana na askari wa Kiingereza.

Baada ya hapo nyambizi ziliingia Mlango wa Msumbiji, na hapa naomba utazame tarehe pamoja nami. Kuanzia Juni 5 hadi 12, meli zinazama karibu kila siku: za Uingereza, za Ugiriki, za Yugoslavia, za Panama. Nyingi zilisafiri peke yake bila manowari ya kuzilinda. Halafu ghafla kimya. Majuma mawili bahari inatulia, mpaka manahodha wengine bila shaka walidhani adui ameondoka. Kisha Juni 28 moto unaanza tena, na unaendelea hadi wiki ya pili ya Julai. Miongoni mwa zilizozama awamu hiyo ni Eknaren, meli ya Uswidi, nchi ambayo haikuwa vitani na mtu yeyote.

Kile kimya cha katikati ndicho kitendo cha meli ya babu yako. Katikati ya Juni nyambizi zilikuwa zimekwenda kukutana na Aikoku na Hokoku kujaza matangi na maghala ya chakula. Zikashiba, zikarudi kazini. I-30 yeye alipokwisha kujazwa hakurudi mlangoni. Alizunguka Rasi akapanda Atlantiki hadi Lorient, Ufaransa, akafika Agosti 5 akiwa nyambizi ya kwanza ya Japani kuwafikia Wajerumani Ulaya.

Kwa jumla nyambizi zile zilizamisha zaidi ya meli 20, zaidi ya tani 100,000, kwa muda wa wiki tano hivi. Na Aikoku na Hokoku, wale wenye mizinga mingi, walipata nini kwa mikono yao wenyewe katika safari hiyohiyo? Meli tatu. Mei 9 waliiteka meli ya mafuta ya Uholanzi, Genota, katikati ya bahari. Juni 5 waliishambulia Elysia ya Uingereza kwenye mdomo wa kusini wa Mlango wa Msumbiji, na I-18 ikasaidia kuimaliza. Julai 12 wakiwa njiani kurudi waliikamata Hauraki ya New Zealand, iliyokuwa ikitoka Fremantle kwenda Colombo. Ngawira mbili kati ya hizo zilikuwa nzuri, sikatai. Genota ikageuzwa meli ya mafuta ya jeshi la Japani kwa jina la Ose, na Hauraki ikawa Hoki Maru. Mabaharia wao wakawa wafungwa.

Lakini linganisha. Mizinga, torpedo na ndege za meli mbili zilileta meli tatu. Mpira wa mafuta na magunia ya mboga viliziwezesha nyambizi kurudi mawindoni kwa awamu nzima ya pili. Mimi nimelisoma suala hili miaka mingi na bado nastaajabu kwamba wakubwa wa jeshi la majini la Japani walilitazama jambo hilohilo wakaona kinyume. Kwao kulisha ilikuwa kazi ya mpishi, na ofisa mwenye heshima zake alitaka kufyatua mzinga. Baadaye, bahari nzima ya Pasifiki iliwaadhibu kwa tabia hiyo ya kudharau shehena, lakini hiyo ni hadithi ndefu nyingine.

Waingereza nao walijifunza kitu. Hofu ya kwamba Bukini ingeweza kuwa maskani ya Wajapani ilichangia waamue kuichukua nzima. Septemba 1942 walishusha Majunga brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, ambao walisonga nchi kavu hadi Antananarivo. Kiswahili cha kambini kikasikika katika vilima vya Bukini.

Novemba 1942 Wajapani wakazirudisha zile meli mbili baharini, safari hii kuwinda. Tarehe 11, kusini magharibi ya visiwa vya Cocos, wakaona moshi wa vyombo viwili: Ondina, meli ya mafuta ya Uholanzi, na Bengal, meli ndogo ya kufagia mabomu ya baharini ya jeshi la majini la India. Ukizipima kwa karatasi hakuna pambano. Bengal ilikuwa na mzinga mmoja mdogo mbele. Ondina ilikuwa na mzinga mmoja nyuma na risasi 32 tu. Wajapani walikuwa na mizinga ya milimita 140 pande zote na mbio maradufu.

Nahodha wa Bengal alifanya jambo ambalo mtu mwenye akili zilizotulia asingelifanya: aliielekeza omo yake kwa Hokoku Maru na kwenda kuikabili, ili Ondina ipate nafasi ya kukimbia. Ondina haikukimbia mara moja. Nayo ilifyatua. Risasi moja ikampata Hokoku Maru nyuma, moto ukalipuka, ukayafikia mafuta na risasi zilizokuwa ndani. Hapo ndipo ubaya wa kuivisha meli ya abiria nguo za manowari ulipoonekana. Manowari ya kweli ghala lake la baruti limezungushiwa chuma kizito, na mafuta yamewekwa mbali na torpedo. Hokoku Maru ilikuwa na bati la meli ya biashara, vyumba vya mbao, na vitu vya kulipuka vimepangwa mahali palipopatikana. Iliungua, ikapasuka, ikazama. Watu 76 wakafa, miongoni mwao nahodha wake.

Aikoku Maru ikaigeukia Ondina, ambayo ilikuwa imemaliza risasi. Nahodha wa Ondina, Willem Horsman, aliuawa darajani baada ya kuamuru meli iachwe. Wajapani wakaipiga torpedo meli tupu, kisha wakawamiminia risasi watu waliokuwa kwenye mashua. Hilo nalo liandikwe kwenye hesabu ya Aikoku Maru. Halafu ikaenda kuwaokota wenzake wa Hokoku zaidi ya 270 na kuondoka, ikiamini Ondina inazama. Haikuzama. Mabaharia wake walirudi kupanda, wakazima moto, wakaiongoza hadi Fremantle. Bengal nayo ilifika Diego Garcia imetobokatoboka lakini watu wake wazima.

Uwindaji wa namna hiyo ulikomea hapo. Aikoku Maru ilirudishwa Pasifiki kusomba askari kwenda New Guinea na visiwani. Julai 1943 nyambizi ya Marekani Halibut iliipiga torpedo karibu na Truk, kituo cha Wajapani katika Pasifiki, ikatengenezwa. Oktoba mwaka huo hata daftari likasahihishwa: si manowari tena, ni meli ya uchukuzi. Miaka miwili ilipita kabla ya kuandikwa kile ilichokuwa tangu ilipozaliwa.

Sasa tuje kwa askari wa babu yako. Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Kilindini kwenda Colombo, na ndani ya meli iitwayo Khedive Ismail kulikuwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, waliokuwa wakipelekwa vita vya Burma. Walikuwamo pia wauguzi wa kike. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga torpedo mbili. Ilizama kwa dakika chache mno. Watu 1,297 walikufa, wengi wao vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Manowari Petard na Paladin ziliifukuza I-27 na kuizamisha siku hiyohiyo.

Aikoku Maru haikuhusika na kifo hicho. I-27 haikuwa mmoja wa wale watano wa 1942, na siku ile meli ya kunyonyesha ilikuwa Pasifiki, maelfu ya maili mbali. Lakini mtu aliyesimama gatini Kilindini, aliyewaona wale vijana wakipanda ngazi na hakuwaona wakirudi, na ambaye tangu 1942 alikuwa amesikia kuna meli ya Kijapani nyuma ya Bukini inayolisha nyambizi, angeunganisha mambo hayo mawili kwa kamba gani nyingine? Serikali ya kikoloni haikuwa ikiwaeleza makuli nini kimezama wapi. Walijisimulia wenyewe kwa vipande walivyokuwa navyo.

Na sasa mwisho wa meli yako. Siku tano tu baada ya Khedive Ismail, alfajiri ya Februari 17, 1944, ndege za manowari za Marekani zilianza kuipiga Truk, ziwa la maji ya chumvi lililozungukwa na miamba ambalo siku hizi linaitwa Chuuk, nchini Mikronesia. Kwa siku mbili zaidi ya vyombo 40 vilizama humo. Aikoku Maru ilikuwa imetia nanga, imejaa askari waliokuwa wakingoja kupelekwa kisiwa kingine, na ngama ya mbele imejaa vitu vya kulipuka. Bomu liliifikia ngama hiyo. Nusu nzima ya mbele ya meli ikatoweka kwa mlipuko mmoja mkubwa kiasi kwamba ndege ya Kimarekani iliyokuwa ikipita juu yake wakati huo nayo ilisambaratika na watu wake. Kilichobaki kilizama kwa dakika mbili hivi, na mamia ya watu ndani.

Mabaki yake yako palepale, yamesimama wima zaidi ya mita 60 chini ya maji. Huko nyuma mzinga bado umeelekezwa juu. Ukija mbele unafika mahali chuma kimekatika kama mkate, na baada ya hapo hakuna kitu ila mchanga. Miaka ya 1980 Wajapani walishuka wakatoa mifupa ya watu wengi na kuichoma kwa taratibu za dini yao.

Ose, ile iliyokuwa Genota, ilizamishwa Palau mwezi uliofuata. Gokoku Maru ilipigwa na nyambizi ya Marekani Barb Novemba 1944. Nyambizi nazo, I-10, I-16, I-18 na I-20, zote zilikuwa zimeshazama kabla ya Agosti 1944. Na Hauraki, ile ya New Zealand iliyotekwa ikitoka Fremantle na kubatizwa Hoki Maru, ilikuwamo katika ziwa lilelile la Truk asubuhi ileile ya Februari 17. Torpedo ya ndege iliipata ikiwa imepakia malori na matingatinga. Wapiga mbizi wanaokwenda Chuuk leo huikuta malori yake yangali yamepangwa mstari ndani ya ngama, katika maji yaleyale anamolala aliyeiteka.